Mungu Mmoja: Kutoka Sinai Hadi Mlima Elgon

Katika mjadala wetu wa muhula uliopita, upande mmoja ulishikilia kwamba babu zetu hawakumjua Mungu hadi wamisionari walipofika. Makofi yalipigwa kwelikweli! Mimi sikupata nafasi ya kusema, ndipo nimeona heri nishike kalamu. Wengi wetu tunasoma hapa Kitale lakini kwetu ni Bungoma. Ukiambiwa ati babu yako aliabudu miti na mawe, ni wewe unayeambiwa.

Hebu kwanza tuwatazame Waebrania, kwa maana wao ndio tunaoambiwa walimjua Mungu mmoja tangu mwanzo. Jina la Israeli linapatikana mapema sana nje ya Biblia katika jiwe la Farao Merneptah wa Misri, yapata mwaka wa 1208 K.K. Majirani zao Wakanaani walikuwa na miungu mingi, kama vile Eli, Baali na Ashera. Waebrania nao hawakuamka asubuhi moja wakakuta miungu hiyo imetoweka. Ukiisoma amri ya kwanza kwa makini, utaona haisemi kwamba miungu mingine haipo. Inawakataza tu Waisraeli wasiifuate. Ni kama mume mwenye wivu: anajua wanaume wengine wapo, lakini mkewe ni wake.

Na watu hawakutii upesi. Katika miaka ya 1975 na 1976, wachimbuaji wa mambo ya kale walipata maandishi huko Kuntillet Ajrud, katika jangwa la Sinai, yanayomtaja Mungu wa Israeli sambamba na Ashera. Si ajabu basi manabii kama Eliya na Hosea walipiga kelele namna ile juu ya Baali. Mtu hakemei jambo lisilotendeka.

Yapata mwaka wa 622 K.K., Mfalme Yosia alivunja madhabahu za vijijini na kuamuru ibada ifanywe Yerusalemu tu. Haukupita muda mrefu, Wababeli wakaja. Mwaka wa 586 K.K. waliteketeza hekalu na kuwachukua watu mateka. Zama hizo taifa likishindwa vitani, ilidhaniwa mungu wake ameshindwa pia. Lakini kule utumwani Waebrania walifikia jibu lingine: Mungu wetu hakushindwa. Yeye ndiye aliyewatumia Wababeli kutuadhibu, kwani ni Mungu wa mataifa yote, na hiyo mingine si kitu. Wazo hili limesemwa waziwazi katika kitabu cha Isaya, kuanzia sura ya 40. Kwa kuwa hekalu halikuwapo tena, imani yao ilishikamana zaidi na maandiko, na maandiko hubebeka popote. Kutokana na imani hiyo walipata mizizi Wayahudi, Wakristo na Waislamu.

Sasa turudi nyumbani. Wabukusu humwita Mungu Wele Khakaba, yaani Mungu Mpaji. Günter Wagner, mtaalamu Mjerumani aliyefanya utafiti kwa Waluhya katika miaka ya 1930, aliandika masimulizi ya wazee: Wele aliumba mbingu na kuzitegemeza kwa nguzo, akaumba mwezi na jua, mawingu, radi na mvua, kisha dunia. Halafu akamwumba Mwambu, mwanamume wa kwanza, na Sela mkewe. Wele aliimaliza kazi kwa siku sita, ya saba akapumzika. Bila shaka mtanong'ona, "Hiyo si Mwanzo yenyewe?" Huenda siku hizo saba zilitokana na mahubiri ya wamisionari. Lakini sikieni sababu waliyoitoa wazee: alipumzika kwa kuwa siku ya saba ni siku mbaya! Sababu hiyo haimo katika Biblia. Mwiko wa saba ni wetu wenyewe.

Mpinzani wangu atasema, "Je, Wele Gumali, yule mweusi aletaye mabaya? Na misambwa je?" Ni kweli, wapo. Lakini Wakristo nao husema kuna Shetani, wala hatuhesabu kwamba wana miungu wawili. Na misambwa ni roho za wazee waliotutangulia, si waumba wa mbingu. Tofauti kubwa naiona penginepo. Wele hakuwa na wivu. Hakumtuma Mbukusu avunje madhabahu ya jirani Msabaoti, wala hakumwambia kwamba njia za wengine ni bure. Kwa hiyo wamisionari hawakutuletea habari kwamba Mungu yupo. Walituletea kitabu, pamoja na sharti la kuacha mengine yote.

Na kitabu kikishafika, kila mtu husoma kwa macho yake. Ng'ambo ya Mlima Elgon, karibu na Mbale, Semei Kakungulu alilisoma Agano la Kale, akaona tohara na Sabato ni amri. Mwaka wa 1919 alitahiriwa, yeye na wanawe, na jamii ya Wayahudi aliyoianzisha, Abayudaya, ingalipo hadi leo.

Upande wetu, Elijah Masinde wa Kimilili, mwanasoka hodari aliyelelewa katika kanisa la Marafiki, alianzisha Dini ya Msambwa katika miaka ya 1940. Alihubiri kwamba Waafrika wamrudie Wele wa babu zao, na Wazungu warudi kwao. Dini hiyo ilienea hata kwa vibarua wa mashamba ya walowezi hapa Trans Nzoia. Mlima Elgon wafuasi wake waliuita Sayuni. Tarehe 10 Februari 1948, huko Malakisi, polisi waliufyatulia risasi umati wao, watu 11 wakafa. Mwaka huohuo dini ikapigwa marufuku na Masinde akapelekwa kizuizini Lamu. Baada ya uhuru iliruhusiwa mwaka wa 1964, ikapigwa marufuku tena 1968. Masinde alifariki mwaka wa 1987.

Jambo hili halijaisha. Kila Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, msimu wa tohara ukifika, nimeona ndugu wa nyumba moja wakinuniana: huyu ataka mtoto aimbiwe na kupakwa matope mtoni, yule asema hiyo ni ibada ya sanamu, apelekwe hospitali. Siwaamulii. Nasema tu kwamba anayekwenda mtoni na anayekwenda hospitali, wote wakiomba kwa Lubukusu humwita Wele jina lilelile.

Mwacha mila ni mtumwa, walisema wahenga. Basi wenzangu, likizo ikifika ketini na wazee wenu, muwaulize wao walimwombaje Mungu, na kwa maneno gani. Yaandikeni, mje nayo chamani. Mjadala ujao tujadili tunachokijua.