Mche wa Okidi na Kipimo cha Chakula Chake

Jamaa zetu waishio Kibera, karibu na Soko la Toi, hupanda sukuma wiki katika magunia, wakaurutubisha udongo kwa samadi, na mboga ikawalipa kwa majani mapana. Basi mama akipata mche wa okidi ya mwituni, huona vyema kuukirimu vivyo hivyo. Haupiti muda mizizi imeoza, naye hajui sababu.

Sababu ni asili ya mche wenyewe. Mbegu ya okidi ni ndogo mithili ya vumbi, wala haikufungiwa akiba ya chakula kama punje ya hindi au kunde. Huko mwituni hungoja kuvu maalumu iingie ndani yake na kuilisha. Mwaka 1922, mtaalamu wa Marekani, Lewis Knudson, alionyesha kwamba mbegu hizo zaweza kuota bila kuvu, zikilazwa juu ya ute wa mwani ulioganda, wenye sukari na madini.

Lakini kipimo ndicho kila kitu. Mchanganyiko maarufu wa madini uliotungwa mwaka 1962 kwa ajili ya tumbaku, kwa okidi nyingi hupunguzwa hadi nusu au robo. Chumvi za mbolea zikizidi nje ya mzizi, huyavuta maji yaliyo ndani, mche ukanyauka hali umelowa. Nitrojeni ikizidi, majani hulegea. Ikipungua mno, hugeuka manjano na mche ukadumaa. Mtoto mchanga hapewi pilau, wala haachwi na njaa.

Okidi ya chui, yenye maua ya manjano na madoa ya hudhurungi, huota juu ya miti, hata huku kwetu Pwani. Riziki yake ni maji ya mvua na majani yaozayo. Tunawanasihi mama zetu waipande katika vipande vya magome au makaa, si katika udongo wa samadi. Mbolea ya maji izimuliwe hadi robo ya kipimo kilichoandikwa, na baina ya siku za mbolea mizizi isuuzwe kwa maji matupu.

Tena, kabla ya kununua, muulizeni muuzaji: mche huu umetoka kitaluni, au umebanduliwa mtini? Okidi iliyoanzia kwenye mbegu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuchanua. Ikibanduliwa, msitu hauirejeshi upesi.