Serikali Haiwezi Kununua Watoto

Ziko serikali nyingi duniani leo zinazoona mashaka makubwa kwa sababu nyumba za watu wao zimepungua vilio vya watoto wachanga. Katika Ujapani, kati ya watu 10 karibu 3 wamekwisha kupita umri wa miaka 65. Korea ya Kusini hali ni ngumu zaidi: kwa hesabu ya mwaka 2023, akina mama 100 wangezaa maishani mwao watoto 72 tu, hali wanahitajiwa kama 210 ili kizazi kisipungue. Basi wakubwa wa nchi hizo wanatoa fedha, wanajenga nyumba za kulelea watoto, wanapunguza kodi, na bado vijana hawaoi upesi wala hawazai.

Msomaji wetu wa Kituku, kule Goma kando ya Ziwa Kivu, akizisikia habari hizi huenda akacheka. Asubuhi yoyote ufukoni huziona mashua zikishusha maharagwe, ndizi na makaa, na watoto wamejazana majini wakiteka kwa madumu, na chukudu zikipanda mjini na mizigo. Atasema, "Huku kwetu watoto hawakosekani." Ni kweli. Uchunguzi uliofanywa nchini Kongo mwaka 2013 na 2014 ulihesabu watoto 6.6 kwa kila mama. Lakini asicheke upesi. Maana nchi hii hii ya Kongo, nyakati za babu zetu, ndiyo iliyokuwa ikiogopa kukosa watoto, na wakubwa wake walikwisha kujaribu nyingi za dawa zinazojaribiwa leo huko ng'ambo. Yafaa tujue zilifaa nini.

HOFU YA WABELGIJI

Tuanze na chanzo chake. Tangu mwaka 1885 hadi 1908 Kongo ilikuwa mali ya Mfalme Leopold II. Wanaume walilazimishwa kuingia msituni kutafuta mpira, mashamba yakabaki bila mkulima, vijiji vingi vikachomwa, njaa ikafuata. Pamoja na hayo malale na ndui vilitembea toka kijiji hata kijiji. Mwaka 1919 tume iliyowekwa kuwalinda wenyeji ilikadiria kwamba tangu Wazungu walipoanza kuitawala nchi, wakaaji wake wamepungua kwa nusu. Hayo yalikuwa makadirio, kwa kuwa watu wote hawakupata kuhesabiwa; walakini wenye serikali walishtuka.

Walishtuka kwa sababu mbili. Wako waliohurumia watu. Lakini wako pia waliohesabu mikono: nani atachimba shaba, nani atajenga reli, nani atalipa kodi, kama vijiji vinakwisha? Sababu hizi mbili zilikwenda pamoja miaka yote, na msomaji asipozitenganisha hataelewa mambo yaliyofuata.

KODI, MAZIWA NA KAMBI

Dawa ya kwanza ilikuwa kodi. Tangu mwaka 1910 mwanamume mwenye wake wengi alitozwa kodi ya ziada kwa kila mke aliyemwongeza, naye mwenye mke mmoja na watoto wanne akasamehewa kodi ya kichwa. Wamisionari na wakubwa wa serikali walisadiki kwamba ndoa ya mke mmoja huzaa zaidi. Mwishowe, kwa amri ya tarehe 4 Aprili 1950, ndoa mpya za wake wengi zilikatazwa kabisa. Tunajua jinsi watu wengine walivyofanya: mke wa pili alipelekwa nyumba ya mbali, akaitwa dada au mgeni, na karani wa kodi akapita bila kuona kitu. Sheria iliyokusudia kuleta watoto ilileta pia maficho.

Dawa ya pili ilikuwa maziwa. Mwaka 1912 chama kiliundwa Ubelgiji kwa ajili ya kuwalinda watoto wa Kongo, zikafunguliwa nyumba ambamo mama alipimiwa mtoto wake na kufundishwa usafi. Kazi hiyo iliokoa watoto wengi, na haifai kuidharau. Lakini ndani yake palikuwa na wazo jingine. Mama wa Kongo alimnyonyesha mwanawe miaka miwili, pengine mitatu, na muda huo mumewe hakumkaribia, kadiri ya mila. Wazungu wengi waliona hapo ndipo watoto wanapopotea. Wakataka mtoto aachishwe mapema ili mama ashike mimba upesi. Leo Shirika la Afya Duniani lashauri mtoto anyonyeshwe hata miaka miwili au zaidi, na baada ya kujifungua mama apumzike miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine. Kwa jambo hili bibi zetu hawakuwa wajinga.

Dawa ya tatu ilionekana Katanga. Kwanza kampuni ya Union Minière iliajiri wanaume kwa miezi michache, bila wake zao, wakalazwa kwa msongamano, na wengi wakafa kwa maradhi. Watu wakazidi kuogopa kwenda. Kuanzia mwaka 1928 hivi kampuni ikageuza njia: mkataba ukawa wa miaka mitatu, mfanyakazi akaruhusiwa kuja na mkewe, mke na watoto wakapewa posho ya chakula, ikajengwa hospitali ya wazazi, nao mapadre Wabenedikto wakasimamia shule. Matokeo yalionekana wazi: vifo vilipungua, na watoto wakazaliwa kambini kwa wingi. Lakini tusisahau kwamba baba alipoachishwa kazi, nyumba ilikwenda na posho ilikwenda. Familia ile ilistawi ndani ya ua la mwajiri, si ndani ya haki yake yenyewe.

KILICHOSAIDIA HASA

Kati ya mwaka 1955 na 1957 serikali ilifanya uchunguzi mkubwa wa watu wa Kongo yote. Ndipo ilipodhihirika kwamba nchi haikuwa na ugonjwa mmoja. Kivu ilikuwa na uzazi mwingi. Lakini kati ya Wamongo katika misitu ya Ekweta, na kati ya Waazande kaskazini, wanawake wengi walizeeka bila kuzaa hata mara moja. Kwa miaka mingi walikuwa wamelaumiwa: mara walikuwa wavivu, mara wamekata tamaa, mara wanakunywa dawa za siri. Wataalamu walipochunguza zaidi waliona sababu kubwa ni magonjwa ya zinaa, hasa kisonono, ambacho huziba njia ya uzazi. Penisilini ilipoenea baada ya vita ya pili ya dunia, wanawake waliokuwa wakidhihakiwa walianza kubeba watoto. Hakuna kodi iliyowahi kufanya hivyo.

Kuhusu Kivu, serikali ilikuwa na shauri lake. Tangu mwaka 1937 hadi 1955 ilihamisha familia nyingi kutoka Rwanda, nchi iliyosongamana, na kuzipeleka Gishari na sehemu nyingine za Masisi, ambako walowezi walihitaji wafanyakazi. Mahali pamoja watu walionekana wamepungua, mahali pengine wamezidi, nao walihamishwa kama mtu ahamishavyo miche ya kahawa. Ugomvi wa ardhi uliotokana na mashauri yale, wenyeji wa Goma hawahitaji kusimuliwa.

SERIKALI HUGEUKA

Kisha upepo ukageuka. Mwezi wa Desemba 1972 Rais Mobutu alisema hadharani juu ya uzazi wa kupanga, na mwaka 1973 ikaundwa kamati ya taifa kwa kazi hiyo. Miaka michache tu ilikuwa imepita tangu nchi ile ile ihimizwe kuzaa. Korea ya Kusini ilifuata njia ya kinyume: miaka ya 1960 iliwaambia watu wazae wachache, na mwaka 2005 ikatunga sheria ya kuwasihi wazae.

Ziko nchi zilizotumia nguvu. Mwaka 1966 serikali ya Rumania ilikataza utoaji mimba kwa amri, wala haikutayarisha njia ya kuwatunza wazazi na watoto. Mwaka uliofuata vizazi vilikaribia kuwa mara mbili; halafu vikaanza kushuka tena. Wanawake wengi walikufa kwa mikono ya waganga wa siri, na utawala ule ulipoanguka mwaka 1989 dunia ilishangaa kuona nyumba za yatima zimejaa watoto waliotupwa. Wahenga walisema kweli: kuzaa si kazi, kazi kulea.

NA WAZEE JE?

Hapa ndipo habari za Ujapani zinapotugusa sisi. Tangu mwaka 2000 Ujapani ina bima ya kuwatunza wazee, ambayo kila mtu aliyefikia miaka 40 huichangia. Kongo nayo ina shirika la akiba ya jamii, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1961 na sasa linaitwa CNSS. Lakini hilo huwafaa walioajiriwa na kukatwa mishahara. Mama auzaye sambaza Kituku, kijana asukumaye chukudu, mvuvi na baharia, hawana pensheni ila watoto wao.

Na watoto wenyewe je? Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ilizama karibu na kutia nanga Kituku, watu wengi wakafa. Kila aliyezama alikuwa mwana wa mtu. Mzee aliyezaa saba akabakiwa na mmoja, tena kwa vita na maradhi, huyo hafarijiwi na hesabu ya watoto 6.6. Twawaona mabibi wakianza upya, na migongo imekwisha kupinda, kulea wajukuu wasio na baba wala mama. Wingi wa watoto si bima mahali ambapo uhai wenyewe hauna ulinzi.

Isisemwe kwamba jambo hili ni la nchi tajiri tu. Kisiwa cha Morisi kilianza mwaka 1950 kuwapa wazee pensheni wasiyoichangia. Zanzibar, mwaka 2016, ilianza kumpa kila mzee wa miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi. Kenya ikafuata mwaka 2018 kwa wenye umri huo huo. Fedha ni chache, lakini mzee aliyeshika noti yake mwenyewe humnunulia mjukuu daftari, na neno lake husikilizwa nyumbani.

Basi tuyakusanye. Kila serikali iliyohesabu watu kama mikono ya kazi, leo ilisema zaeni, kesho ikasema acheni. Yaliyodumu ni machache: dawa iliyoponya tumbo la mama, nyumba ya wazazi yenye mkunga aliyefundishwa, mshahara unaotosha baba kukaa na mkewe, na haki ya mzee ya kula bila kuomba. Wenye kutawala wakitaka kujua la kufanya, na waanze na hayo. Nasi majumbani, tusingoje sheria ya kutukumbusha sahani ya bibi.