Taimingi Bila Alama: Utangulizi kwa Fundi Mwanafunzi

Unafungua boksi la spea iliyotoka Lilongwe, unaigeuza gia ya kamshafti huku na huku, haina alama hata moja. Kwa fundi wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, hilo si dogo. Mji uko zaidi ya kilomita 40, nauli ni pesa, na tangu mwaka 2023, serikali ilipowaamuru wakimbizi wa mijini warudi kambini, safari ya Lilongwe si ya kuamka tu na kupanda minibasi. Lakini usikate tamaa. Alama ni kumbukumbu iliyowekwa na kiwanda. Taimingi yenyewe imo ndani ya injini, nawe unaweza kuisoma.

Tuanze na msingi. Pistoni hupanda na kushuka katika silinda, na krenkshafti hugeuza mwendo huo kuwa mzunguko. Kamshafti hufungua valvu, ya kuingiza hewa na ya kutoa moshi. Katika injini ya mipigo minne, krenkshafti huzunguka mara 2 kwa kila mzunguko 1 wa kamshafti, ndiyo maana gia ya kamshafti ina meno maradufu. Hesabu meno kabla ya kufunga chochote. Spea isiyo ya injini hiyo hujulikana hapo hapo. Taimingi, basi, ni mapatano ya shafti hizo mbili: pistoni ikifika hapa, valvu ziwe pale.

Utauliza, hapa ni wapi? Ni kilele, yaani mahali pistoni inapofika juu kabisa. Wengi hutumbukiza bisibisi kwenye tundu la plagi na kukisia, na hapo ndipo kazi inapoharibika, kwa sababu kileleni krenkshafti huzunguka digrii kadhaa pistoni ikiwa kama imesimama. Fanya hivi. Legeza roka, yaani mikono inayobonyeza valvu, ili valvu zote zifunge. Chukua plagi mbovu, toa kauri yake, fungia ndani yake bolti yenye ncha butu, uirudishe kwenye silinda namba 1 iwe kizuizi. Zungusha krenkshafti polepole kwa spana hadi pistoni iguse, kisha chora mstari kwenye puli ya krenkshafti mkabala na nukta moja ya bloku. Zungusha upande wa pili hadi iguse tena, chora wa pili. Katikati ya mistari hiyo, upande ilipo karibu zaidi, ndipo kilele. Mimi naipenda sana njia hii: haidai kifaa cha bei, na haikisii.

Toa kizuizi. Katika injini ya silinda 4, rudisha krenkshafti digrii 90 ili pistoni zote zikae katikati, mbali na valvu, ndipo ukaze roka. Zungusha kamshafti hadi valvu za silinda namba 1 zipishane: ya moshi inamalizia kufunga, ya hewa inaanza kufunguka, zimebonyea sawasawa. Irudishe krenkshafti kileleni, funga mkanda unaounganisha shafti hizo mbili. Gia ya krenkshafti yenye meno 20 ikikosea jino 1, ni digrii 18 nzima, na jicho makini litaliona.

Zungusha injini mara 2 kwa mkono. Ikikwama usilazimishe, valvu imegusa pistoni.

Jambo moja huwachanganya wanafunzi wengi. Valvu za namba 1 zikipishana, silinda hiyo inatoa moshi, haijafika zamu ya kuwaka. Kwa mpangilio wa kuwaka wa 1-3-4-2, inayokaribia kuwaka ni namba 4, kwa hiyo rota ya distribyuta, inayogawia plagi umeme, ielekee waya wa namba 4.