Waliozuka Kandokando ya Ziwa

Waingereza wana usemi wa wadudu wanaojitokeza kutoka mbaoni, ambao hutumiwa kuwaeleza watu waliokuwa hawaonekani wala hawasikiki kwa muda mrefu, kisha wakatokea kwa wingi mara tu palipopatikana faida, kama vile jamaa wa mbali wanaomiminika nyumbani kwa mtu aliyelipwa fidia ya shamba, au wagombea wasiojulikana wanaojaa vijijini kila uchaguzi unapokaribia. Usemi huo umebeba dharau, kwa kuwa humlaumu anayetokea bila kuuliza ni kitu gani kilichomtoa alikokuwa. Kisumu na fuo za Ziwa Victoria upande wa Kenya ni mahali pazuri pa kuupima, maana huko mambo yamezuka ghafla mara nyingi, na wadudu wenyewe wamo.

Unapofika mwezi mwandamo, visubi wa ziwani, ambao hawaumi mtu, hupaa kutoka majini kwa mamilioni na kusimama angani kama nguzo za moshi, hadi upepo uwasukume nchi kavu, ambako huzizonga taa, huingia machoni na kulala marundo marundo chini ya madirisha. Wenyeji wengine huwakusanya na kuwapika wakiwa wamefinyangwa kama mkate, kwani ni chakula chenye protini nyingi. Kwa mtu aliyesimama ufuoni ni viumbe waliotoka pasipojulikana, ilhali kwa wiki kadhaa walikuwa viluwiluwi, yaani wadudu ambao hawajakomaa, wakiishi majini na kwenye tope la chini ya ziwa. Kilichobadilika ni mwezi tu.

Habari ya mbuta, samaki ambaye Watanzania humwita sangara, haiko mbali na hiyo. Alipandikizwa ziwani upande wa Uganda katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akakaa kimya takriban miaka 20, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 akajaa katika Ghuba ya Winam, ambayo ndiyo mkono wa ziwa unaofika Kisumu. Mbuta ni mlaji wa samaki wenzake na anaweza kufikisha kilo 200, kwa hiyo fulu, samaki wadogo wa aina mamia waliokuwa kitoweo cha kila siku, walipungua vibaya, na aina nyingi hazikuonekana tena. Hapo mwanzo wenyeji hawakumpenda mgeni huyo, kwa sababu mafuta yake mengi yalifanya asikaushike kwa jua kama fulu, bali ahitaji moto na kuni.

Aliyebadilisha mambo ni mnunuzi wa Ulaya. Viwanda vilijengwa Kisumu kwa ajili ya kuchuna minofu, kuigandisha na kuisafirisha nje, na watu wakaanza kuonekana mahali ambapo hawakuwapo: madalali, wenye magari ya barafu, wenye mitumbwi wasiowahi kushika kasia, vijana wa bara waliokuja kuajiriwa kwa mgawo wa samaki. Fuata nyuki ule asali, na hawa waliwafuata nyuki bila kuona haya. Mtaani Obunga, mjini Kisumu, walizuka wanawake wanaonunua kiwandani kichwa na uti wa mgongo vilivyobaki baada ya minofu kuchunwa, wakavikaanga katika karai za mafuta na kuviuza kwa jina la mgongo wazi. Jina hilo halina haya hata kidogo: mbuta amefika mezani kwa mwananchi akiwa amekwisha kuvuliwa nyama yake. Kuwaita wanawake hao watu wa kuzuka si haki, kwani wengi wao walikuwa katika biashara ya samaki tangu zamani, ila bei ya kiwanda iliwaondoa kwenye samaki mzima na kuwaachia mifupa. Baadaye hata bondo, yaani kibofu cha hewa cha samaki huyo, lilipata wanunuzi wa kulipeleka China, na wachuuzi wake nao wakatokea.

Wavuvi wa pwani ya Bahari ya Hindi wana desturi ya kwenda dago, ambayo ni kupiga kambi mbali na kwao kwa msimu ili kumfuata samaki, na wavuvi wa ziwani huhama vivyo hivyo kutoka ufuo hadi ufuo. Ndivyo Migingo ilivyopata watu. Kisiwa hicho, kilicho mbele ya Ghuba ya Muhuru katika Kaunti ya Migori, ni jabali lisilofika nusu ya uwanja wa mpira, lakini maji yake ya kina yana mbuta wengi, na wavuvi walipoanza kulala hapo mwanzoni mwa miaka ya 1990, mabanda ya mabati yalisongamana hadi ukingoni mwa maji. Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 ilihesabu watu 131 juu ya mwamba huo, huku kisiwa jirani cha Usingo, ambacho ni kikubwa zaidi, kikibaki karibu kitupu.

Serikali ndizo zilizozuka mwisho, jambo ambalo usemi wa Waingereza haukulitazamia. Kwa miaka mingi hakuna aliyegombea jabali hilo, lakini polisi wa Uganda walifika mwaka 2004, wakapandisha bendera na kuanza kuwatoza wavuvi ada, na Kenya nayo ikakumbuka kuwa kisiwa ni chake. Mwaka 2009 nchi hizo mbili zilianza upimaji wa pamoja wa mpaka uliowekwa kwa agizo la kikoloni la mwaka 1926, na mwaka huohuo Rais Yoweri Museveni akatamka kwamba kisiwa kimo Kenya, ila maji yanayokizunguka ni ya Uganda. Kwa kauli hiyo, mvuvi wa Migingo angelala Kenya bila taabu, lakini angehitaji kibali cha Uganda ili atupe wavu mbele ya mlango wake.