SAFARI YETU YA KUTAFUTA TRAUTI

Jambo hili lilianza bwenini, usiku, kwa neno moja tu: Nanyuki. Mwenzetu mmoja ana mjomba wake aliyepata kufanya kazi Kenya, karibu na mji wa Nanyuki, chini ya Mlima Kenya. Mjomba huyo alimsimulia habari za samaki aitwaye trauti, mzuri wa sura na mtamu wa nyama, akaaye katika mito na maziwa ya mlimani. Basi sisi tulisikia "Nanyuki" na "maziwa ya mlimani", tukakumbuka mara moja kwamba Ngare Nanyuki ipo papa hapa kwetu, nyuma ya Mlima Meru, na jirani yake yako maziwa ya Momella. Hatukuuliza zaidi. Kabla taa hazijazimwa tulikuwa tumekwisha gawana kazi: huyu atafute mshipi, yule ndoano, na mimi nikapewa kazi ya kuchimba nyungunyungu wa chambo.

Mwalimu wetu wa Bayolojia alipopata habari alicheka sana, lakini hakutukataza. Alisema, "Mimi nitakwenda nanyi. Chukueni na karatasi za kupimia pH, na kipimajoto kimoja." Hatukuelewa vitu hivyo vina uhusiano gani na uvuvi. Basi Jumamosi ya mapumziko ya katikati ya muhula tuliondoka Arusha alfajiri, wanafunzi watano na mwalimu wa sita, tukapanda basi la Ngare Nanyuki.

Njiani mwalimu alitueleza habari za trauti, nami nazieleza hapa kama nilivyozishika. Trauti si mwenyeji wa Afrika Mashariki. Yule wa kahawia asili yake ni Ulaya, na yule wa rangi ya upinde wa mvua asili yake ni mito ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini na upande wa mashariki wa Asia. Mwaka 1905 mayai ya trauti wa kahawia yaliletwa Kenya kutoka Loch Leven, Scotland, na samaki wakatiwa katika Mto Gura, katika milima ya Aberdare. Walowezi wa Kiingereza walitaka kuvua kama walivyozoea kwao. Baadaye wakaletwa na wale wa upinde wa mvua, wakaenezwa katika mito mingi ya Mlima Kenya na hata katika maziwa ya juu kama Rutundu na Alice, ambayo yako zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Rutundu lilipata sifa duniani mwaka 2010, maana ndiko mwana wa mfalme, William wa Uingereza, alikomposa Kate.

Trauti huvuliwa kwa namna yake. Hukaa mtoni ameelekeza kichwa upande maji yanakotoka, akingoja wadudu wanaochukuliwa na mkondo. Kwa hiyo mvuvi hufunga manyoya na nyuzi juu ya ndoano hata ifanane na mdudu, kisha huirusha juu ya mkondo na kuiacha iteremke yenyewe mpaka mbele ya samaki. Ikiwa mshipi unavutwa kidogo tu kinyume cha maji, trauti hutambua hila akaondoka. Niliposikia hayo nilitazama mkebe wangu wa nyungunyungu kwa mashaka.

Tulipofika lango la Ngongongare askari wa hifadhi aliziona fito zetu, akatuuliza kwa upole tunakwenda wapi nazo. Tukamjibu. Akasema kwamba ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha mtu haruhusiwi kuvua bila kibali, akaongeza, "Tena hata ningewaruhusu, wanangu, mngerudi na fito zenu tu." Fito zikabaki langoni. Tukalipa kiingilio, tukapewa askari mwenye bunduki wa kutuongoza, maana nyati ni wengi mahali pale.

Maziwa ya Momella ni saba: Momella Kubwa, Momella Ndogo, Rishateni, Lekandiro, Tulusia, Kusare na El Kekhotoito. Ukiyatazama toka juu ya kilima utaona hayafanani rangi. Jingine ni la kijani, jingine la samawati, jingine kama maziwa yaliyochanganywa na majivu. Yote yamekaa katika mabonde madogo madogo yaliyotokea maelfu ya miaka iliyopita, pale upande wa mashariki wa Mlima Meru ulipobomoka na kuporomoka. Mawe, majivu na tope vilienea hata mbali, na maji yakakaa katika mashimo yaliyobaki. Atakaye kuliona pengo lenyewe na asimame Momella asubuhi: mlima wote wa mita 4,566 u wazi mbele yake, kama chungu kilichovunjwa upande mmoja.

Askari alituongoza mpaka ukingoni pa Momella Kubwa. Heroe, wale ndege wa rangi ya waridi wenye miguu mirefu, walikuwa mamia, vichwa vyao vimepinduliwa majini. Mwalimu akatuambia, "Haya, tieni mikono." Maji yale yanateleza vidoleni kama maji ya sabuni. Tukatia kipimajoto, kikaonyesha nyuzi 21. Tukatia karatasi ya pH, ikageuka rangi iliyo sawa na 10. Ndipo mwalimu alipotuambia tuketi.

Alianza na baridi. Trauti hupenda maji yasiyozidi nyuzi 18 hivi, maana maji baridi huchukua hewa ya oksijeni nyingi zaidi. Katika usawa wa bahari lita moja ya maji ya nyuzi 10 yaweza kuchukua miligramu 11 za oksijeni, bali ya nyuzi 25 huchukua 8 tu. Samaki wa maji ya moto huridhika na kidogo, trauti haridhiki. Lakini nyuzi 21 zisingemwua. Kinachomwua hapa ni magadi.

Kila samaki hutoa uchafu wa mwili wake, uitwao amonia, kupitia mashavu yake moja kwa moja majini. Katika maji yenye magadi mengi amonia haitoki. Hurundikana katika damu, na samaki hufa kwa sumu yake mwenyewe. Katika Ziwa Magadi, Kenya, wako perege wadogo waliopata njia: hugeuza uchafu ule kuwa urea, kama tufanyavyo sisi wanadamu, wakaishi katika maji ambayo yangemwua trauti upesi. Yuko na trauti wa jamii nyingine huko Pyramid Lake, Marekani, avumiliaye maji ya magadi, lakini magadi ya ziwa lile si makali kama haya yetu.

Tena liko jambo la uzazi. Trauti hutaga mayai katika changarawe safi, mahali maji yanapopita bila kukoma. Maziwa ya Momella hulishwa zaidi na maji yapitayo chini ya ardhi. Hapo changarawe ya mkondo iko wapi? Walakini penye chemchemi baridi na tamu, trauti huweza kufugwa, na upande wa Usa River wamefugwa katika maji ya namna hiyo.

Mmoja wetu aliuliza kama haingewezekana kuyasafisha maziwa haya ili trauti watiwe. Mwalimu alimwonyesha heroe tu. Chakula chao ni mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho, nayo husitawi katika magadi haya haya. Mimi kwa upande wangu nilimkumbuka sangara, aliyetiwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na samaki wengi wadogo wa asili waliotoweka baada yake. Niliona afadhali heroe wabaki na ziwa lao.

Laiti safari ingeishia hapo, nisingekuwa na mengi ya kuandika. Lakini usiku ule tulilala Maji ya Chai, kwa bibi wa mwenzetu mmoja. Mahali pale pamepata jina lake kutokana na mto wenye maji ya rangi ya chai. Sasa lazima niseme jambo ambalo si la kujivunia. Mwenzetu huyu ana meno ya kahawia yenye madoa. Tulipokuwa Kidato cha Kwanza tulimcheka kwamba hapigi mswaki, nami nilikuwa miongoni mwa waliocheka. Tangu wakati ule yeye akicheka huweka mkono mdomoni.

Tulimwamkia bibi, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, wajukuu zangu, karibuni." Akatuletea maharage laini ajabu, na mwalimu akamwuliza ameyapikaje. Bibi akaonyesha kipande cha magadi. Hapo mwalimu akaturudisha tena ziwani kwa maneno. Miamba na majivu ya Mlima Meru yana madini yaitwayo floraidi. Maji yanapopita ndani yake huchukua madini hayo. Shirika la Afya Duniani lashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi katika lita moja. Mito na visima vingi vya pande hizi hupita kipimo hicho mara nyingi, na katika maziwa ya Momella, ambako maji hukauka kwa jua na madini kubaki, hesabu ni ya mamia. Mtoto anywaye maji yenye floraidi nyingi wakati meno yake ya ukubwani yanajiumba ndani ya ufizi, humwota yakiwa tayari na madoa. Mswaki hauyaondoi. Floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi hudhuru hata mifupa, na watu hupinda miguu. Lakini aliyekulia mahali pengine, akahamia hapa meno yake yakiwa yamekwisha komaa, hapati madoa hayo hata akinywa maji yale yale. Ndiyo maana sisi tuliotoka mbali tulikuwa na meno meupe, wala si kwa usafi wetu.

Hakuna aliyesema neno. Mwenzetu alikuwa akitazama sahani yake.

Wazazi wasomao gazeti hili na wazingatie kwamba kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji hupungua, madini hubaki, na basi huzidi ukali. Kinachofaa ni maji ya mvua yaliyokingwa vizuri, au kuyachuja kwa mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuru lenye hewa kidogo, ikapondwa na kutiwa katika ndoo yenye bomba. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeshughulika na kazi hii miaka mingi. Mkaa ule huchoka, ni lazima ubadilishwe. Bibi alikuwa na ndoo ya namna hiyo, kwa ajili ya mjukuu mdogo wa miaka mitatu.

Lakini magadi? Mwalimu alimweleza kwa adabu kwamba nayo yana floraidi, na kwamba maharage yakilowekwa usiku kucha huiva bila magadi. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza, "Na kuni za kuyachemsha muda mrefu zaidi, Mwalimu, utanikatia wewe?" Tulicheka sote, na mwalimu pia, lakini hakuwa na jibu lililo tayari. Asubuhi tuliona maharage ya siku ile yamelowekwa katika sufuria. Kama bibi aliendelea hivyo tulipoondoka, mimi sijui.

Jumapili tulishuka Tengeru, tukaenda kwa miguu hadi Ziwa Duluti, fito zetu begani. Hili ni ziwa la kreta, maji yake ni matamu, na miti mikubwa imelizunguka pande zote. Trauti hayumo, maana pana joto, wala hakuna mto uingiao. Perege wamo. Mzee mmoja mvuvi alitazama ndoano zetu, akasema ni kubwa mno, akatupa mbili ndogo zake. Tena akatuambia tuache nyungunyungu, tutumie donge la ugali lililokandwa likawa gumu, na chubwi nyepesi ili chambo kishuke polepole. Mkebe wangu wote nikaumwaga chini ya mti.

Tulikaa saa tatu. Wa kwanza alikatika na ndoano ya mzee, tukaona haya. Wa pili nilimvuta mimi, nikamtoa majini vizuri, kisha akaniponyoka mikononi na kurudi ziwani, nami nikaanguka kifudifudi matopeni nikimfuata. Mwenzetu wa Maji ya Chai alicheka mpaka akakaa chini, mikono yake yote miwili imeshika ufito.

Jioni tulikuwa na perege watatu, mkubwa wao ni kama kiganja changu. Mke wa mwalimu akawakaanga, akawagawa mafungu sita. Mimi nilipata kichwa.