TANGAZO LA MIFUGO LITANGULIE UGONJWA



Mwaka jana, mwezi wa Julai, nilifika katika kijiji kimoja kukagua darasa la kisomo. Nilimkuta mama mmoja, mwanakisomo wetu hodari, amekaa chini ya mwembe. Alishika simu ya mwanawe mkononi. Hakuwa na raha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Hebu soma hapa."

Nikasoma. Ulikuwa ujumbe wa duka la dawa za mifugo, uliotumwa katika kundi la WhatsApp la kijiji. Ulisema chanjo ya kideri imefika, wafugaji wote wanakaribishwa.

"Umeusoma mwenyewe, mama?"

"Nimeusoma mwenyewe, neno kwa neno. Lakini kuku wangu 19 nimewafukia juzi. Mwalimu, mlinifundisha kusoma ili nisome tanzia?"

Sikuwa na jibu. Jioni nilimwendea bwana mifugo mwenye duka lile. Ni mtu mwema na anajua kazi yake. Akaniambia, "Mimi nilituma ujumbe siku ileile dawa ilipoingia dukani." Hakusema uongo. Alikosea jambo moja tu. Alifuata kalenda ya duka, hakufuata kalenda ya ugonjwa.

Usiku ule tulikaa chini, yeye na mimi. Tuligeuza karatasi ya kalenda kuukuu, tukaandika nyuma yake miezi 12. Kwa kila mwezi tuliandika ujumbe gani utumwe. Leo nawaeleza ninyi tuliyoyaandika. Kama wewe una kliniki ya mifugo, utajua la kutangaza na wakati wake. Kama wewe ni mfugaji, utajua la kuuliza kabla hujapata hasara.

WENZETU WANAFANYAJE?

Jambo hili si geni duniani. Uingereza watu hupiga fataki usiku wa tarehe 5 Novemba. Mbwa huogopa mno kelele hizo, wengine hukimbia wakapotea. Basi kabla ya tarehe hiyo kliniki za mifugo huwakumbusha watu kwenye Facebook wafungie mbwa wao ndani. Marekani hufanya hivyo kabla ya tarehe 4 Julai, sikukuu yao ya uhuru. Ikikaribia Krismasi na Pasaka, huwaonya watu wasiwape mbwa chokoleti, kwa sababu kwa mbwa chokoleti ni sumu.

Sasa, je, tunakili ujumbe wao? Hapana. Ukileta habari za chokoleti ya mbwa kwenye kundi la wafugaji wa ng'ombe, utachekwa. Cha kuiga ni utaratibu wao. Wao huangalia majira yao, wakajua hatari inayokuja, wakasema mapema. Na sisi tuangalie majira yetu.

HESABU KINYUMENYUME

Tuchukue kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Ugonjwa huu hauna dawa ya kutibu. Kinga yake ni chanjo. Kwetu hulipuka zaidi wakati wa kiangazi. Tufanye hesabu kuanzia hapo, turudi nyuma.

Ugonjwa tunauogopa kuanzia mwezi wa Juni. Kuku akichanjwa, kinga huhitaji kama wiki mbili ili ishike mwilini. Kwa hiyo kuku wawe wamechanjwa kabla ya katikati ya Mei. Chupa moja ya chanjo hutosha kuku wengi, na ikishafunguliwa haikai. Lazima wafugaji wakusanyike siku moja. Kuandikisha majina huchukua wiki moja au mbili. Basi ujumbe wa kwanza utoke mwishoni mwa Aprili, watu wakiwa bado shambani na kuku wote wazima.

Umeona, ndugu? Ujumbe wa Julai ulipaswa kutoka Aprili. Ulichelewa miezi mitatu.

Chanjo ya kideri aina ya I-2 ni tone moja katika jicho moja la kila kuku, mkubwa kwa mdogo. Hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Tukachagua Februari, Mei, Agosti na Novemba. Kuku mgonjwa hachanjwi.

KALENDA YA UJUMBE

Kalenda hii ni ya sehemu zenye mvua mbili, yaani masika na vuli. Kama kwenu mvua ni moja tu, kama Dodoma au Singida, sogeza miezi kufuata mvua yenu.

Januari na Februari: Tangaza chanjo ya kimeta na chambavu kabla ya masika. Kumbusha dawa ya minyoo. Februari ni zamu ya kideri.

Machi hadi Mei: Mvua ikinyesha, kupe huongezeka. Kupe wa masikioni ndiye huleta ndigana kali. Ujumbe uwe juu ya josho: kuogesha kila wiki, bila kuruka. Eleza dalili: tezi za chini ya sikio kuvimba, homa, kukohoa. Sema wazi kwamba ng'ombe akitibiwa siku za mwanzo anaweza kupona, akicheleweshwa hufa. Waambie pia kwamba iko chanjo ya ndigana kali, ng'ombe huchanjwa mara moja tu. Mei ni zamu ya kideri.

Juni hadi Agosti: Mvua imekwisha. Ujumbe uwe juu ya malisho. Watu wakate nyasi mapema na kuziweka kivulini. Mabua ya mahindi yasichomwe moto shambani, ni chakula. Ng'ombe huhamahama kutafuta maji, na ugonjwa wa miguu na midomo hutembea nao. Waonye wasichanganye makundi ovyo. Tarehe 8 Agosti ni Nanenane, siku nzuri ya kujibu maswali ya wafugaji. Agosti ni zamu ya kideri.

Septemba: Mwezi wa mbwa. Tutaueleza hapa chini.

Oktoba na Novemba: Mvua za vuli zinaanza. Nyasi ni fupi, mifugo hula karibu na udongo, na vijidudu vya kimeta hukaa ardhini miaka mingi. Ujumbe uwe huu: mnyama akifa ghafla na damu ikimtoka puani au mkunduni, usimchune, usimpasue, usimle. Mpigie bwana mifugo. Novemba ni zamu ya kideri.

Desemba: Sikukuu. Watu hununua kuku na mbuzi mnadani. Mnyama mgeni atengwe wiki mbili kabla hajachanganyika na wenyeji. Iddi ya kuchinja nayo ikumbukwe, ingawa tarehe yake husogea nyuma siku 11 hivi kila mwaka.

MVUA IKIZIDI

Upo ujumbe mmoja ambao hauna mwezi wake. Ni Homa ya Bonde la Ufa. Hii huja baada ya mvua kubwa kupita kawaida, mbu wanapozaliana katika madimbwi. Ilitokea Afrika Mashariki mwaka 1997 na 1998, ikarudi mwaka 2006 na 2007. Mara hiyo ya pili watu zaidi ya 100 walikufa Tanzania peke yake, mbali na mifugo.

Ng'ombe, mbuzi na kondoo wengi hutupa mimba kwa pamoja, na ndama hufa. Binadamu huambukizwa kwa kushika damu au mimba iliyotoka, na kwa kuumwa na mbu. Basi kliniki ikisikia utabiri wa mvua kubwa, isingoje. Itangaze: chanja mapema, chemsha maziwa, pika nyama iive sana, usishike mimba iliyotoka kwa mikono mitupu. Chanjo hii hutolewa kabla. Ugonjwa ukishaanza, kuchoma mifugo mingi kwa sindano moja kunaweza kuueneza. Hapo tena, kuchelewa ni hasara.

MWEZI WA MBWA

Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ilianza kuadhimishwa mwaka 2007. Tarehe hiyo ndiyo aliyofariki Louis Pasteur, mwaka 1895, yule mtaalamu wa Ufaransa aliyetengeneza chanjo ya ugonjwa huu.

Mtu akishaanza kuonyesha dalili za kichaa cha mbwa, hakuna dawa ya kumponya. Karibu wote wanaoambukizwa hupata kwa kuumwa na mbwa, na wengi ni watoto. Lakini wataalamu wanasema, tukichanja mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kuenea.

Kliniki iandike mambo mawili tu. La kwanza: mlete mbwa wako achanjwe, kila mwaka. La pili: ukiumwa na mbwa, osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukachomwe sindano. Usingoje kuona kama mbwa atakufa. Usipake udongo wala majani.

UJUMBE MZURI UNA NINI?

Wanakisomo wetu wengi wamejifunza kusoma ukubwani. Ujumbe mrefu huwachosha. Ujumbe uwe na mambo matano: kitu gani, siku gani, wapi, bei gani, na mtu afanye nini. Kwa mfano:

"CHANJO YA KIDERI. Jumamosi tarehe 10 Mei, saa 1 asubuhi, ofisi ya kijiji. Kila kuku shilingi (andika bei). Wafungie kuku ndani Ijumaa usiku. Leta wazima tu. Mimi Bwana Mifugo wenu."

Andika tarehe na jina lako siku zote. Ujumbe usio na tarehe huzunguka kwenye simu mwaka mzima na kupoteza watu. Ujumbe usio na jina haujulikani kama ni wa mtaalamu au ni wa mchuuzi wa dawa za uongo.

Usiandike vipimo vya dawa kwenye kundi. Mtu atasoma nusu, akamchoma ng'ombe wake bila kumpima, kisha akauza maziwa yenye dawa. Hayo yasemwe ana kwa ana.

Usiweke picha ya boma la mtu aliyefiwa na mifugo. Utamwaibisha, na kesho mwenzake ataficha ugonjwa. Na wewe mfugaji, ukishuku kimeta au kichaa cha mbwa, usianze kutangaza kundini. Piga simu kwa bwana mifugo kwanza.

WENYE KITOCHI JE?

Swali hili liliulizwa darasani, na ni swali kubwa. Wengi wetu tuna vitochi, simu ndogo zisizoingia WhatsApp. Wengine hawana bando. Je, wao kuku wao wafe?

Tukumbuke historia yetu. Mwaka 1973 Tanzania ilifanya kampeni ya Mtu ni Afya. Redio zilikuwa chache. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio pamoja, mmoja akasoma kijitabu kwa sauti, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Watu wapatao milioni mbili walishiriki. Redio moja ilitosha kikundi kizima, kwa sababu palikuwa na msomaji na palikuwa na mazungumzo.

Leo simu moja ya tachi inaweza kufanya kazi ileile. Kila kitongoji kichague msomaji mmoja. Ujumbe ukifika, ausome kisimani, kilabuni, msikitini au kanisani baada ya ibada. Aubandike pia ubaoni katika ofisi ya kijiji. Bwana mifugo naye atume ujumbe wa sauti kwa wazee ambao macho yamechoka.

Ndugu, tunajua jambo hili linawezekana. Sotoka iliua ng'ombe wa Afrika kwa mamilioni tangu miaka ya 1890. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba imekwisha duniani kote. Chanjo ndiyo iliyoimaliza, lakini chanjo haiendi bomani peke yake. Mtu wa boma lazima apate habari kwanza, aikubali, awalete ng'ombe.

Mwaka huu, mwishoni mwa Aprili, ujumbe wa kideri ulitumwa kijijini kwa yule mama. Alichaguliwa kuwa msomaji wa kitongoji chake. Aliusoma kisimani mara tatu, asubuhi tatu. Siku ya chanjo nilikuwepo. Foleni ya akina mama na matenga ya kuku ilifika mpaka kwenye ule mwembe. Yeye alileta kuku saba, wale aliobakiwa nao na vifaranga vyao vilivyokua.

Nikamwuliza, "Mama, leo umesoma nini?"

Akacheka. "Leo nimesoma habari za kesho, mwalimu."

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kijijini kwenu mvua huanza mwezi gani? Magonjwa gani hufuata?
2. Ujumbe wa chanjo ya kideri utumwe lini kwenu? Hesabuni kinyumenyume.
3. Andikeni ujumbe wa mistari minne juu ya chanjo ya mbwa. Hakikisheni una yale mambo matano.
4. Ni nani atakuwa msomaji wa kitongoji chenu? Mchagueni leo.