Kumpiga Picha Chozi Uani: Somo la Msamiati na Ngeli

Mwanafunzi akitafuta neno chozi katika kamusi, aghalabu hukuta maana mbili: tone la maji litokalo jichoni, na aina ya ndege mdogo. Maana ya kwanza inamtosha. Ya pili haimsaidii, kwani Uganda peke yake ina zaidi ya aina 1,000 za ndege, na wadogo ni wengi. Katika makala hii fupi tunaeleza namna ya kumpiga picha ndege huyu karibu na nyumbani, na faida yake darasani.

Chozi ana mdomo mwembamba uliopinda. Hufyonza mbochi, yaani maji matamu ya maua, na hula pia wadudu na buibui. Si lazima kumfuata mbugani. Hapa Kampala tulianza na migomba iliyo nyuma ya nyumba, kisha mishubiri ya uani. Chozi hurudi kwenye maua yale yale. Kwa hiyo usimkimbize, mngoje. Wakati mzuri ni saa moja hadi saa tatu asubuhi.

Picha zetu za kwanza zilitoka nyeusi tupu, tukadhani kamera ni mbovu. Kumbe kosa lilikuwa letu. Kijani king'aacho kichwani mwa chozi mwenye kifua chekundu hutokana na jinsi manyoya yanavyorudisha mwanga. Jua likiwa mbele yako, rangi hiyo hupotea. Likiwa mgongoni mwako, huwaka. Lenzi ya milimita 300 au zaidi inafaa, na kasi isipungue sehemu 1 kwa 1,000 ya sekunde, maana chozi hatulii. Lenga jicho lake. Asiye na lenzi ndefu anaweza kutega simu karibu na ua, airekodi video, kisha akae mbali.

Kiota cha chozi huning'inia kama mfuko, mlango ukiwa ubavuni. Ukikiona, usikisogelee wala usikate majani yanayokificha ili upate picha. Makinda yana thamani kuliko picha.

Sasa tuje darasani. Bandika picha ya dume na ya jike. Wanafunzi wetu walisema hao ni ndege wa aina mbili, kwa kuwa jike ana rangi ya kahawia iliyofifia. Mjadala huo peke yake ulizaa maneno mengi: dume, jike, kifua, manyoya, kutua, kufyonza. Kisha linganisha sentensi hizi:

Chozi mdogo ametua. / Chozi dogo limedondoka.
Ndege mdogo ametua. / Ndege ndogo imetua.

Neno ni lile lile, lakini chenye uhai huchukua upatanisho wa A-WA. Kanuni hiyo tuliifundisha ubaoni kwa miaka mingi. Mbele ya picha wanafunzi waliigundua wenyewe.

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni. Wengi watakaokisoma hawakukikuta nyumbani, na wakikikuta vitabuni tu watakidhania lugha ya mitihani. Mtoto akiweza kumtaja kwa Kiswahili ndege anayemwona kila asubuhi dirishani, lugha hiyo imeanza kuwa yake. Basi tuanze na migomba yetu.